Jina Langu Liko Wapi?

Mazungumzo ya redio kwa waliooana karibuni
Somo: 2 Wafalme 4:1–7

Nawasalimu ninyi mlioketi mezani kwa chai, nanyi mlio ndani ya matatu mkielekea kazini. Zaidi sana nawasalimu ninyi ambao pete bado ni mpya kidoleni, nanyi mnaohesabu majuma yaliyobaki kabla ya arusi yenu.

Ukisimama kando ya Waiyaki Way siku ya Jumamosi, pale Kangemi au Westlands, utaona magari yaliyofungwa utepe yakienda mjini huku yakipiga honi. Ndani yake yumo bibi arusi na wasimamizi wake. Baadaye utawaona wote wakipigwa picha chini ya miti ya Arboretum. Furaha hiyo ni kubwa, nayo ni halali. Bwana wetu mwenyewe alikubali mwaliko wa arusi kule Kana.

Lakini arusi hiyo haikujileta yenyewe. Kulikuwa na kamati. Juma baada ya juma binamu, wafanyakazi wenzao na watu wa kwaya walikutana jioni, kila mmoja akaahidi kiasi chake, na mwekahazina akaandika katika daftari. Sasa nitawaambia jambo ambalo wachungaji wengi wa Nairobi wameliona kwa macho yao. Wakati mwingine, kabla miaka mitatu haijapita, watu wale wale huitwa tena katika ukumbi ule ule, na daftari jingine hufunguliwa. Safari hii michango si ya keki na magari. Ni ya jeneza, ya bili ya hospitali, na ya basi la kuwapeleka waombolezaji nyumbani. Yule bibi arusi wa juzi ameketi kiti cha pembeni, amejifunga leso kichwani, na wengine wanapanga mambo yake mbele yake.

Ndugu zangu, leo nataka tuzungumze juu ya mama huyo, na juu ya jambo moja ambalo yeye na mumewe wangaliweza kuliamua mapema. Nataka tuzungumze juu ya bima.

Najua yuko mzee mmoja aliyeweka kikombe chini na kusema, "Bima nayo imeingia katika neno la asubuhi?" Subiri kidogo, baba. Chukua Biblia yako, tusome pamoja katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 4.

Hapo tunakutana na mjane. Mume wake alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii. Hakuwa mlevi, wala hakuwa mtu wa kupoteza mali ovyo. Mjane mwenyewe anamkumbusha Elisha kwamba marehemu alikuwa mcha Mungu, na Elisha hakatai. Lakini mcha Mungu huyo amekufa akiwa na deni, na sasa mdai amefika mlangoni kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa.

Litazameni neno hilo vizuri. Imani ya mtu yule ilikuwa ya kweli, na deni lake lilikuwa la kweli pia. Mdai hakuuliza kama marehemu alikuwa akisali. Mwenye nyumba wa Kawangware haulizi hivyo mwisho wa mwezi, wala hospitali haiulizi hivyo inapoandika bili. Tukisema "Mungu atatunza," tunasema kweli, maana yeye ndiye baba wa yatima. Lakini tukilisema neno hilo ili tusipate taabu ya kuketi na kupanga, tunamtwika mke wetu mzigo uliokuwa wetu, kisha tunauita mzigo huo imani. Mtume Paulo ni mkali juu ya jambo hili. Katika 1 Timotheo 5:8 anasema kwamba mtu asiyewatunza watu wa nyumbani kwake ameikana imani, na hali yake ni mbaya kuliko ya mtu asiyeamini.

Tena hatuijui siku. Ijumaa ile ya tarehe 7 Agosti 1998 watu waliamka, wakanywa chai, wakaagana na wenzi wao, wakapanda matatu kwenda mjini kama siku zote. Saa nne na nusu hivi asubuhi bomu lililipuka kwenye ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara ya Haile Selassie na Moi Avenue, na watu 213 wakafa hapa Nairobi. Wengi wao walikuwa watu wa kazi tu, makarani, walimu, wapita njia. Hakuna aliyeondoka nyumbani akijua.

Huenda mtu akasema kwamba bima ni mambo ya makampuni na hesabu, wala haina sehemu kanisani. Basi nitawasimulia habari ya kanisa. Katika karne ya 18, wachungaji wawili wa Kanisa la Scotland, Robert Wallace na Alexander Webster, walihuzunishwa na jambo walilokuwa wakiliona tena na tena. Mchungaji akifa, mke na watoto walilazimika kutoka katika nyumba ya kanisa, maana anakuja mchungaji mwingine. Waliokuwa wakiheshimiwa jana, leo wanaomba chakula.

Wachungaji hao waliomba, kisha wakachukua kalamu. Walikusanya habari kutoka wilaya za kanisa, wakahesabu. Waliona kwamba wachungaji walio hai ni kama 930, kwamba kila mwaka hufa kama 27, na kwamba kama 18 kati ya hao huacha wajane. Hesabu yao ilikaguliwa na Colin Maclaurin, profesa wa hisabati wa Edinburgh. Mwaka 1744 mfuko ukaanzishwa. Kila mchungaji alilipa kiasi chake kila mwaka, na aliyekufa, mjane wake alipewa fungu la kumtunza mwaka hata mwaka. Mfuko ule ulikuwa mmoja wa mifano ya kwanza ya bima ya maisha iliyojengwa juu ya hesabu ya kweli. Nalo Kanisa hilo hilo la Scotland ndilo ambalo misheni yake ilikuja kukaa Thogoto, Kikuyu, mwaka 1898, mwendo mfupi tu magharibi ya mahali ulipo mji huu wa Nairobi, kabla Nairobi yenyewe haijawa mji.

Mnaona, basi, bima ni nini? Sisi Wakenya tunajua harambee. Bima ni harambee inayofanywa kabla ya msiba. Wengi wanatoa kidogo kidogo, na yule ambaye siku yake imefika anapewa. Tofauti ni hii. Harambee ya baada ya msiba hutegemea jinsi ulivyojulikana. Mtu mkubwa akifa, ukumbi hujaa. Fundi wa Kangemi akifa, mjane wake hupata watu kumi na wawili na ahadi nyingi ambazo hazilipwi. Bima iliyopangwa vema haiulizi ulijulikana na nani. Inauliza kama ulilipa, na kama jina limeandikwa.

Hapo kwenye jina nataka niwaambie habari zangu mwenyewe, ingawa si za kujivunia.

Nilipooa, mimi na mke wangu tulikaa chumba kimoja Kawangware. Nilikuwa karani mjini. Siku moja saa ya chakula cha mchana nilikutana na kijana tuliyesoma naye, naye sasa alikuwa wakala wa bima. Aliniketisha hotelini, akaninunulia chai na mandazi, akanieleza habari za bima ya maisha yenye akiba ya miaka 15. Nilipositasita akaniambia, "Ndugu yangu, ukikataa, maana yake humpendi mke wako." Basi nikatia sahihi pale pale, kabla chai haijapoa. Malipo ya mwezi yalikaribia sehemu moja katika sita ya mshahara wangu. Palipoulizwa ni nani atakayelipwa nikifa, niliandika jina la kaka yangu mkubwa. Sikuwa na nia mbaya. Nyumbani kwetu mambo yote ya mali yalipitia kwake, na mke wangu, ingawa nilimpenda, nilimwona bado ni mgeni katika jambo hilo. Wala sikumwambia neno.

Nililipa miezi 14. Kisha mke wangu akawa mjamzito, akaugua, akalazwa, na fedha zikaisha. Nikaacha kulipa. Baada ya muda barua ikaja kwamba bima imekatika na kwamba hakuna kitu cha kurudishiwa. Barua hiyo niliikunja nikaiweka mfukoni mwa koti, na mke wangu akaiona alipokuwa akilifua, pamoja na ile karatasi ya kwanza.

Niliporudi jioni alikuwa ameziweka zote mbili mezani, kando ya taa. Nilijitayarisha kujibu juu ya fedha zilizopotea. Yeye hakuuliza juu ya fedha. Aliniuliza swali moja tu: "Jina langu liko wapi?"

Sikuwa na jibu. Mbele ya mchungaji nilikuwa nimeahidi kwamba tumekuwa mwili mmoja. Kwenye karatasi hiyo ilikuwa kana kwamba sikuoa.

Hatukulala mapema usiku ule. Nilimwomba msamaha, akanisamehe, ingawa si kwa haraka. Jumamosi iliyofuata tulichukua daftari la shule, tukafanya jambo ambalo tungalilifanya juma la kwanza la ndoa yetu. Tuliandika kila kitu. Niliandika deni la kitanda na viti, na deni lililobaki la arusi, ambalo hakulijua. Niliandika kiasi ninachompelekea mama yangu kila mwezi. Naye akainuka, akaenda kwenye debe la unga, akatoa mkebe. Alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo, wala hakuniambia, kwa kuwa hakuwa na hakika nitaitumiaje. Kila mmoja wetu alikuwa akimficha mwenzake. Siku ile ndipo ndoa yetu ilipoanza kuwa na nyumba moja.

Turudi kwa Elisha. Mjane alipolia mbele yake, nabii hakuanza kwa muujiza. Alianza kwa swali: je, nyumbani una nini? Mama akajibu kwamba hana kitu, kisha akakumbuka chupa ndogo ya mafuta. Hilo ndilo swali la kwanza ninalowapa leo, ninyi mliooana karibuni. Kabla ya kumwita wakala, kabla ya kutia sahihi popote, ketini wawili na kuulizana: nyumbani tuna nini? Tunadaiwa nini? Ni nani anayekula kwa mkono wa nani? Mkishajibu hayo kwa kweli, mambo ya bima hayawi magumu sana. Nitayataja kwa utaratibu wake.

La kwanza ni afya. Mfuko wa zamani wa NHIF, ulioanza mwaka 1966, umekwisha. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi yake imechukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo wengi huiita SHA. Mwenye mshahara hukatwa shilingi 2 na senti 75 katika kila shilingi 100 za mshahara wake. Asiye na mshahara hupimwa mapato ya nyumba yake, naye hulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na malipo yake hufanywa ya mwaka mzima. Bwana arusi, je, umeandikisha jina la mke wako huko? Mke wangu mpendwa, je, umehakikisha? Kujiandikisha peke yake hakutoshi. Siku ya kulazwa hospitalini wataangalia kama mmelipa. Na kama mwajiri wako anatoa bima ya matibabu, peleka cheti cha ndoa ofisini upesi, usingoje mwenzako augue.

Hapa ni lazima niseme wazi neno juu ya uzazi. Bima nyingi za matibabu za makampuni hazilipi gharama za kujifungua mpaka miezi 10 au mwaka mzima upite tangu kuandikishwa. Wako waliokwenda kuikata wakati mimba imekwisha kuonekana, wakajibiwa kwamba wamechelewa. Ulizeni jambo hili mapema, msione haya. Ninyi ni mtu na mkewe.

La pili ni maisha ya yule anayeleta chakula. Kama wote wawili mnaleta, basi ni maisha ya wote wawili, maana mshahara wa mke ukikatika nyumba huyumba vile vile. Anzeni kwa kuuliza yale mliyo nayo tayari. Waajiri wengi huwakatia wafanyakazi wao bima ya maisha ya kikundi, na wafanyakazi wenyewe hawajui. Tena iko sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini. Sheria hiyo humtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake, na mfanyakazi akifa kwa ajali ya kazi, wanaomtegemea hustahili malipo sawa na mapato yake ya miezi 96. Wajane wangapi wamerudi nyumbani kimya kwa kuwa hakuna aliyewaambia hivyo?

Mkiona hayo hayatoshi, iko bima rahisi ya maisha ya muda uliowekwa. Haina akiba ndani yake. Usipokufa katika muda huo hupati kitu, na kwa sababu hiyo malipo yake ni madogo. Kwa vijana wenye kodi ya nyumba, deni na mtoto mchanga, mara nyingi hiyo yafaa kuliko ile kubwa ya akiba, kama ile niliyotia sahihi mimi kabla chai haijapoa.

La tatu ni jina. Hili halina gharama, nalo ndilo linalosahauliwa zaidi. Kabla ya kuoa uliandika jina la mama au kaka kule kazini, kule NSSF, kule kwenye chama cha akiba na mikopo. Ukishafunga ndoa nenda ukaandike upya. Simwambii mtu amwache mama yake. Mahali pengi unaweza kuandika majina mawili au matatu na kusema kila mmoja apate sehemu gani. Lakini liseme jambo hilo mbele ya mke wako, na mbele ya mama yako kama itawezekana, ili lisije likatoka katika bahasha siku ya matanga. Ugomvi mwingi wa kaburini ulianza kwenye karatasi iliyoandikwa kabla ya arusi.

La nne ni bima za akiba na za elimu ya watoto. Hizi si mbaya. Wazazi wengi wamesomesha kwa hizo. Lakini ni ahadi ya miaka 10 au 15, na mkizivunja katika miaka ya mwanzo hupata kidogo sana au msipate kitu. Bwana wetu, katika Luka mlango wa 14, alitoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba huketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi ketini. Msitie sahihi siku ile ile mliyoletewa karatasi. Wakala mwema hatakasirika mkimwambia arudi juma lijalo, na mkiwa mnaanza maisha, ikiwa malipo hayo yatawafanya mshindwe kulipa kodi, jibuni kwamba wakati wake haujafika.

Mwulizeni mambo manne. Tukikosa mwezi mmoja, itakuwaje? Tukivunja mwaka wa pili, tutarudishiwa nini? Ni mambo gani ambayo bima hii hailipi? Na fedha italipwa kwa nani? Kisha chungueni kama kampuni na wakala wana leseni ya Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo ofisi zake ziko Upper Hill, katika jengo la Zep-Re. Msiseme, "Kampuni hii ni kubwa, haiwezi kuanguka." Kenya National Assurance ilikuwa kampuni ya serikali yenyewe, nayo ilifungwa mwaka 1996, na wenye bima wengi walingoja haki yao miaka mingi.

Neno jingine ni juu ya ukweli. Katika karatasi ya bima utaulizwa kama una ugonjwa wa sukari, au wa moyo, au kama umewahi kulazwa. Wako watu wanaomwogopa Mungu kila mahali isipokuwa kwenye fomu. Wanaandika "hapana" ili malipo yawe madogo. Ndugu, uongo huo haukuumizi wewe. Wewe utakuwa umelala. Utamwumiza mke wako siku atakapokwenda kudai, wafungue daftari la hospitali, kisha wamwambie kwamba hatalipwa kwa kuwa mume wake alidanganya.

La mwisho ni mahali. Wekeni karatasi zote pamoja, katika bahasha moja, na wawili nyote mjue ilipo. Mjane hawezi kudai kitu asichojua kwamba kipo.

Sasa nirudi kwa yule mzee aliyeweka kikombe chini, maana ana haki yake. Bima haiokoi. Yule tajiri wa Luka mlango wa 12 alikuwa na ghala zilizojaa, akaiambia nafsi yake istarehe, na usiku ule ule akaitwa. Ukilipa bima zote za mji huu na usiwe na Kristo, umetunza nyumba ukaacha mwenye nyumba. Wala fedha haiwezi kumrudishia mke sauti ya mume wake mlangoni jioni. Bima ni chombo tu. Lakini yule mjane naye aliambiwa atafute vyombo, na Mungu akavijaza.

Tena tazameni vyombo hivyo vilitoka wapi. Elisha alimwambia akaazime kwa majirani wote, wala asiazime vichache. Mungu ndiye aliyeleta mafuta, bali vyombo vilikuwa vya majirani. Hapo nasema nanyi wazee wa kanisa, akina mama wa vikundi, na ninyi wenye kamati za arusi. Malipo ya chini ya SHA kwa mwaka mzima ni shilingi 3,600. Keki ya arusi nyingi hupita hapo. Je, haiwezekani kamati ikatoa kwanza fungu la afya la mwaka wa kwanza kwa bwana na bibi arusi ambao hawana mshahara, ndipo ikafikiri juu ya maua? Je, haiwezekani katika mafundisho ya ndoa tukawa na jioni moja ya kuketi na daftari? Mtume aliyewaandikia Wagalatia aliwaambia wachukuliane mizigo. Mzigo uliogawanywa mapema ni mwepesi kuliko ule tunaokimbilia wakati jeneza limekwisha nunuliwa.

Mjane yule alilipa deni lake lote, na kilichobaki yeye na wanawe wakakitumia kuishi. Ndivyo hadithi inavyokwisha. Haisemi kwamba alitajirika. Inasema watoto hawakuchukuliwa.

Bwana arusi, leo jioni ukirudi nyumbani, uwe umetoka mjini kwa matatu au kwa miguu, usianze kwa hotuba. Mwambie mke wako, "Nimesikia neno redioni. Hebu tutafute daftari." Nawe bibi arusi, kama una mkebe katika debe la unga, utoe. Andikeni mlivyo navyo na mnavyodaiwa. Kisha chukua kila karatasi yenye sahihi yako, uitazame, na kabla hajakuuliza, umwonyeshe mahali lilipo jina lake. Kama halimo, kesho ni siku ya kazi, na ofisi ziko wazi.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, wewe uliyemsikia mjane alipolia, tunakuletea nyumba changa za mji huu, za Kangemi na Kawangware, za Dagoretti na Uthiru, za Westlands na za katikati ya jiji. Wafundishe mume na mke kuambiana kweli. Uwaondolee woga wa kuitaja mauti, kwa kuwa Mwanao ameishinda. Uwape hekima ya kupanga na moyo wa kukutumaini wewe kuliko mipango yao. Wakumbuke waliofiwa ambao hakuna aliyewapangia, na utufanye sisi kuwa majirani wenye vyombo vya kuazima. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.